Kurasa Thelathini na Sita za Bi Zuhura

Wiki iliyopita Mansur wa ofisini kaja nyumbani kwangu na faili kwapani. Mwezi mzima nimeshastaafu, lakini mafaili hayana habari hiyo. Kaliweka juu ya mkeka, kajipangusa jasho, kasema, "Maalim, hebu litupie jicho kabla sijalipeleka Maskati." Lilikuwa la kijana mmoja wa Mudhaibi aliyemuoa Mfaransa. Mke na mume wanataka kwenda pamoja nchi nyingine ya huko huko Ulaya, kwenye harusi ya shemeji. Nikahesabu kurasa: arobaini na moja. Barua ya sheikh, barua ya liwali, hati ya shamba la mitende, picha tatu za harusi, na barua ya baba mzazi ya kusema mwanawe hana ugomvi na mtu. Nikamuuliza nani kakufunza kujaza faili namna hii. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kibla kiko wapi.

"Si wewe, maalim."

Nikatoa kurasa nne, nikampa, zilizobaki nikazikalia. Kaondoka kanuna. Sasa nimeketi kuandika kwa nini, maana nikieleza kwa mdomo mtacheka, na mkishacheka mnasahau. Nyinyi mnaobaki ofisini mmerithi kwangu mambo mengi mazuri, wala sijifanyi mnyenyekevu katika hilo. Lakini mmerithi na hili la unene wa faili, na kila nikiliona naumwa kichwa.

Nilifika Maskati mwaka wa sabini na mbili na koti moja na darasa la nne la skuli. Unguja nilikuwa nikipima vitambaa dukani kwa mtu. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu. Ukimwambia mtu wa Ibra "nipe maji" kwa Kiarabu cha msahafu, anaitikia amin. Wao walitucheka, sisi tukawacheka, na mwaka wa kwanza ulipita hivyo.

Kila aliyetoka Afrika siku zile alihitaji karatasi, na kila karatasi ilizaa nyingine. Upate pasi, lazima sheikh wa kabila lako akushuhudie kuwa wewe ni wa kwao. Sheikh yuko Samad Ash Shan, ofisi ya pasi iko Maskati, na wewe umeketi Ibra, gari huna. Mimi nilikuwa nalo. Nusu ya gari, kusema kweli. Nusu ya pili ilikuwa ya binamu yangu, naye alishikilia kuwa nusu yake ndiyo yenye injini. Nikaanza kubeba watu, kisha nikabeba watu na karatasi zao, kisha nikabeba karatasi peke yake, maana karatasi haitapiki njiani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mandub kabla sijalijua hata neno lenyewe: mtu wa kukimbiza makaratasi ya wenzake maofisini, anayepanga foleni kwa niaba ya wasiojua kupanga foleni.

Njia ya Ibra mpaka Bidbid ilikuwa kokoto na vumbi. Mvua ikinyesha milimani, wadi, lile bonde kavu, inashuka na maji, nawe unakaa upande wako mpaka maji yaone haya. Kutoka Bidbid unaingia njia ya Maskati, na hapo nilikuwa nikisimama kuzitazama karatasi, si kuitazama injini. Joto la kiangazi linayeyusha gundi, na picha ya Salim nimeshaikuta imegandia pasi ya Salum. Tangu siku hiyo sikubandika picha ila nikiwa nimeshafika kwenye dirisha la ofisi. Wekeni hilo akilini. Wekeni na hili pia: pasi haitobolewi kwa pini, na Alkhamisi ikishafika saa tano ofisi zinakuwa zimeshafungwa moyoni hata kama milango iko wazi.

Mkoba wangu mliuona, ule wa ngozi uliopasuka kona. Ndani yake mlikuwa na kaboni, gundi, rula, kidau cha wino wa muhuri, picha kumi na mbili za kila mtu hata kama wametaka mbili, na chupa ya kahawa. Kahawa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mlinzi wa mlango. Mtu akishakunywa kahawa yako vikombe vitatu, huona taabu kukwambia rudi kesho.

Aliyenifunza kazi hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mzee Khalfan, karani wa ofisi ya liwali, mzaliwa wa Samad Ash Shan ambaye katika maisha yake bahari aliiona mara mbili, na zote mbili hakuipenda. Kwa Kiswahili alijua maneno mawili tu aliyoyaokota kwetu, "pole pole" na "bado", na kwa kazi yake yalimtosha. Yeye alikuwa akilipokea faili bila kulifungua kwanza. Analiminya baina ya kidole gumba na shahada, kama mtu anayepima unene wa halua, kisha ndipo anapouliza limehusu nini. Alinambia, "Seif, anayekuja na karatasi moja yuko peke yake. Anayekuja na kumi ana watu nyuma yake, na mimi simrudishi mtu mwenye watu." Na ilikuwa kweli. Hapa kwetu barua ya sheikh haisemi chochote ambacho liwali hakijui. Inasema tu kuwa sheikh amesumbuka kuiandika. Nikajifunza kukusanya. Nikawa hodari wa kukusanya kuliko yeye mwenyewe.

Mwisho wa miaka ya sabini hapakuwa na mtu aliyetoka Ibra kwenda Bombay kutibiwa au Kairo kusoma ila alipita kwangu. Watu wa Sur walikuwa na mandub wao, lakini jambo likimshinda walinijia mimi. Izki waliniita tabibu wa pasi. Nimewasafirisha wenye digrii mbili, nao wamesimama mbele yangu wakiuliza waandike wapi jina la mama. Nasema haya si kwa majivuno tu, ingawa na majivuno yamo. Nasema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani Bi Zuhura aliponijia. Mtu wa namna hiyo haambiwi kitu.

Bi Zuhura alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana hapa Ibra, mzaliwa wa Mkunazini, umri kama miaka thelathini na mbili. Wakati wa mapinduzi baba yake alimtoa Unguja yeye peke yake, msichana wa miaka kumi na tatu. Mama akabaki na wadogo, na walipoweza kutoka wakaangukia Ulaya, katika nchi ambayo siitaji, kwa sababu nyinyi bado mnakwenda kuomba viza kwenye ubalozi wake. Baba akafia huku. Mama na binti hawakuonana miaka kumi na tisa. Barua, picha, na siku za karibuni simu ya dakika tatu siku ya Idi, nusu yake wakiulizana kama wanasikilizana.

Mumewe alikuwa Mholanzi, fundi wa kuchimba visima huko Mudhaibi. Aliposilimu akaitwa Yusuf, na watu wakamuita Yusuf wa Visima. Wazee wenye falaj walimtazama kwa jicho la wasiwasi, maana kila kisima alichochimba waliona kinawanyonyea mfereji wao. Lakini alikuwa mtu mpole, na ndoa yao ilifungwa sawasawa. Ruhusa zote nilizikimbiza mimi. Kadhi aliozesha msikitini, ami yake Zuhura, Mzee Nassor, akasimama kuwa walii badala ya marehemu baba, na mimi nilikuwa shahidi wa pili. Bi harusi alikuwa nyumbani na wanawake wenzake, kama ada yetu ilivyo.

Katika Mfunguo Mosi, Idi haijapoa, wakaja ofisini wote wawili. Bi Zuhura akanambia mama kapata kiharusi. Mkono wa kushoto haufanyi kazi, lakini fahamu anazo na anasema vizuri. Kwenye simu kamwambia, njoo nikuone, nina maneno yako. Kisha Yusuf akatoa mfukoni kitabu chembamba cha rangi ya buluu alicholetewa kutoka kwao, akakifungua penye mstari wa penseli. Mkewe akanieleza.

"Anasema hapa imeandikwa kuwa mtu wa nchi moja ya Soko la Pamoja akienda nchi nyingine ya Soko hilo na mkewe, basi mke, hata kama si wa Ulaya, hasumbuliwi. Viza anapewa upesi, tena bila ya ada. Wanataka pasi na karatasi ya ndoa. Basi."

Nikacheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka. Nikasema, "Bi Zuhura, mwambie Bwana Yusuf mimi nimeuza ndimu soko la Nizwa. Soko nalijua. Soko halitoi viza."

Bi Zuhura alicheka kidogo kwa adabu. Yusuf hakucheka. Akagonga ule mstari kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Nikamwambia kwa karatasi mbili hata punda wa Izki hapiti Bidbid. Miaka kumi na moja, kumi na mbili hii, mimi napeleka watu, na sijaona Mzungu aliyetosheka na karatasi mbili. Kitabu kile kimeandikwa na watu walioketi Ulaya. Dirisha liko Maskati, na ya dirishani nayajua mimi.

"Kaka Seif," Bi Zuhura akasema, "mimi nataka njia fupi."

"Njia yangu ndiyo fupi."

Kitabu wakakirejesha mfukoni. Nikalianza faili.

Sitaki mdhani nilifanya ovyo. Lile ndilo faili zuri kuliko yote niliyowahi kulifunga. Nilikwenda Samad Ash Shan kwa barua ya sheikh. Nilimpata liwali siku ambayo hakuwa akionana na mtu. Skuli ikaandika kuwa Bi Zuhura ana kazi na atarudi. Hati ya nyumba, hati ya mitende saba aliyorithi kwa baba, cheti cha chanjo, shahada zake za ualimu, barua ya kaka yake ya kumualika. Na Mzee Nassor akaandika kwa mkono wake barua ya ruhusa, kuwa yeye ami na walii hana kizuizi binti wa nduguye kusafiri. Ubalozi haukuitaka. Mimi ndiye niliyefikiri itapendeza. Wiki tatu zikaondoka. Kurasa zilikuwa thelathini na sita, na nilizipanga kwa heshima: sheikh mbele, liwali, ami, skuli, mali. Nakala ya pasi ya Yusuf niliiweka ukurasa wa thelathini na nne. Yeye katika ukoo ule ni mgeni, na kwetu mgeni hatangulizwi mbele ya wazee, hata kama sahani ya kwanza anapewa yeye.

Ubalozini alikuwapo karani kijana mwenye tai, na nyuma yake bibi wa Kizungu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Karani akalichukua faili, akaliminya. Nikafurahi, nikamkumbuka Mzee Khalfan. Akaniuliza safari ya nini. Nikasema kumtazama mama mgonjwa. Akachukua fomu ya wageni watembezi, akaibana juu ya faili, akanambia wiki tatu, huenda na zaidi. Nikarudi Ibra nikamwambia Bi Zuhura mambo mazuri, wanalisoma. Alikuwa na chaki mkononi, nilimkuta mlangoni pa darasa.

Baada ya wiki tatu wakamwita kwa mahojiano. Sasa angalieni akili yangu. Yusuf alikuwa na bomba lililonasa chini ya kisima, nikamwambia usijisumbue, baki na kazi yako. Badala yake nikamchukua Mzee Nassor, na joho lake na khanjari yake kiunoni, ili wakiona mzee mwenyewe amekuja wajue huyu mwanamke ana watu. Basi tukaingia sote watatu. Khanjari ikabaki kwa mlinzi, na hapo tu Mzee Nassor alishaudhika.

Bibi yule akaifungua karatasi ya ndoa juu ya meza. Alikuwa akisema kwa lugha yake, karani anatutafsiria kwa Kiarabu.

"Hapa naona sahihi tano, zote za wanaume. Sahihi ya bi harusi iko wapi?"

"Haihitajiwi," nikasema. "Jina lake limo."

"Ndoa ilifungwa wapi?"

"Msikitini."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa hiyo kwenye ndoa yake hakuwepo."

"Alikuwepo," nikasema. "Nyumbani."

Karani akatafsiri, nadhani bila ya kunisaidia. Bibi akapitisha kidole chini. "Na huyu shahidi wa pili, Seif bin Masoud, anapatikana?"

"Ni mimi."

Akaivua miwani. Akatutazama mmoja mmoja, mimi na mkoba wangu, Mzee Nassor na joho lake, na baina yetu Bi Zuhura kaketi wima kama aliye mbele ya darasa. Akaitoa ile barua ya ruhusa, akauliza mwanamke wa miaka thelathini na mbili, tena mwenye mume, anahitaji ruhusa ya ami kwa lipi. Nikasema hahitaji. Akauliza basi kwa nini umeileta. Mimi, niliyewajibu maafisa wa nchi saba, nikaupekua mkoba. Ningesemaje? Kwamba barua ile haikuwa ya sheria, ilikuwa ya uzito?

Ndipo akamgeukia Bi Zuhura, akasema taratibu. Karani akatafsiri, "Anakuuliza, safari hii unakwenda kwa hiari yako?"

Mzee Nassor alikuwa mtu wa heshima, na mwanamke wa kwao akiulizwa neno na mgeni mbele yake, si adabu kumuachia peke yake mzigo wa kujibu. Akajinyoosha, akajibu yeye, kwa sauti ya barazani, "Anakwenda kwa ruhusa yangu."

Bi Zuhura akafumba macho. Akamwambia kwa Kiswahili, "Ami, nakuomba, niache nijibu mwenyewe."

"Mwanangu, mimi nakusaidia."

"Najua, ami."

Akajibu. Alijibu yote, na kwa Kiingereza chake cha skuli, akamruka hata karani. Lakini jibu likishatanguliwa na jibu la mwingine halisikiki tena. Bibi akaandika mistari mingi. Karani akatwambia faili litapelekwa kwao Ulaya likatazamwe, na tutaandikiwa. Mume hakuulizwa habari zake, na mimi sikuzisema. Nilikuwa nazitafuta karatasi za kumridhisha juu ya ami.

Njiani Mzee Nassor alilalamika juu ya khanjari yake mpaka akalala. Tulipofika Bidbid nilisimama kununua maji. Bi Zuhura hakushuka. Alipoipokea chupa akasema, kama anayejisemea, "Miaka minane nasimama mbele ya watoto arobaini. Leo nimeonekana sijui kusema."

Nikamwambia litakuwa jema inshallah. Hilo ni neno nililolitumia sana katika kazi hii, na nyinyi nakuombeni mlipunguze.

Barua haikuja. Nilikwenda Maskati mara tatu kuulizia. Mara ya kwanza bado. Mara ya pili afisa kaenda likizo. Mara ya tatu karani mwenye tai aliponiona mlangoni akainuka akaenda nyuma, na kahawa yangu ikapoa kwenye chupa. Nikakasirika. Nilimkasirikia karani, nikawakasirikia Wazungu wote na sheria zao, nikatangaza kila baraza ya Ibra kuwa watu hawa hawajui thamani ya karatasi. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wote isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa anavaa kanzu yangu.

Mfunguo Tatu ukaingia. Asubuhi moja, sijafungua hata madirisha, Bi Zuhura kaja na Yusuf. Yusuf alikuwa na matope ya kisimani kwenye viatu. Bi Zuhura hakuketi. Alisema kaka yake kapiga simu. Kiharusi kimerudi, na safari hii kimechukua ulimi. Mama anafungua macho, anatazama, hasemi.

Nikasema Mungu ampe shifaa. Nikaanza kumueleza kuwa nimepata wazo, kuna mkubwa mmoja Nizwa mwenye jamaa yake ubalozini, akituandikia barua moja tu...

"Kaka Seif, nipe karatasi yangu ya ndoa."

"Iko pamoja na nyingine, za asili zote nimezifunga pamoja, ukiichomoa faili litakuwa—"

"Nipe karatasi ya ndoa. Na tafsiri yake. Nyingine baki nazo."

Nikajaribu mara moja tena. Nikamwambia akienda na mbili watamcheka. Hapo Yusuf, ambaye kwa miezi miwili hakunijibu neno, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Wewe ulicheka. Wao hatujui." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepima kina cha kisima.

Nikaifungua kamba ya faili, nikampa.

Walikwenda wenyewe, kwa gari ya visima. Yaliyotokea aliniambia Bi Zuhura siku za mbele, kwa hiyo naandika kama nilivyoyasikia. Walifika dirishani, na Yusuf akaweka pasi yake ya Kiholanzi juu kabisa, chini yake pasi ya mke, chini yake karatasi ya ndoa na tafsiri, na pembeni kile kitabu cha buluu kimefunguliwa penye mstari wa penseli. Karani mwenye tai akaenda kumwita bibi. Bibi akaja, akaisoma pasi ya juu, akasoma mstari. Akauliza huyu ndiye mume? Kwa nini hamkusema tangu mwanzo kuwa mume ni wa Soko la Pamoja na wanasafiri pamoja? Yusuf akasema imo ndani ya faili. Wakatoa nakala yake, wakapekua, wakaikuta: ukurasa wa thelathini na nne, baina ya hati ya mitende na cheti cha chanjo. Bibi aliomba radhi. Fomu ya wageni watembezi akaichana. Hawakuulizwa nyumba, wala mshahara, wala ami. Wakaambiwa wakanywe chai warudi baada ya saa mbili. Waliporudi viza imeshapigwa, na ada hawakutakiwa.

Saa mbili. Mimi nilichukua wiki tisa.

Ile sheria haikuwa siri. Haikuwa hata ngumu. Ilikuwa imeandikwa, imepigiwa mstari, na imeletwa mpaka juu ya meza yangu, na aliyeileta ni mtu wa darasa zaidi yangu ambaye nilimcheka kwa sababu hakuuza ndimu Nizwa. Kwetu mke huja na watu wake, na watu ndio nguvu yake. Kwa yule bibi, kila mtu niliyemuongeza alikuwa mkono mwingine uliomshika Bi Zuhura. Nilimzungushia wanaume na mihuri mpaka mumewe akapotea humo ndani. Wao walitaka kumuona mume na mke. Nimeandika hivi kwa sababu kila mara naona nyinyi mnaanza kwa sheikh. Kwa jambo la Ibra, anzeni kwa sheikh. Kwa mke au mume wa mtu wa Ulaya anayesafiri pamoja naye, ulizeni kwanza: mwenye haki ni nani? Pasi yake iwekeni juu. Kisha acheni. Kuacha ndiko kunakowashinda.

Waliondoka wiki ile ile. Ibra nzima ikanipongeza. Barazani wakasema, Seif bwana, mpaka Ulaya anawapenyeza, na mtu mmoja wa Sur akaniletea mkwewe nimfanyie kama nilivyomfanyia mwalimu. Nikapokea pongezi. Sikumsahihisha mtu. Nilikunywa kahawa yao na nikabadilisha mazungumzo.

Bi Zuhura alirudi baada ya wiki sita, kavaa msiba wa moyoni, sio wa nguo. Alikuja ofisini peke yake. Akatoa kwenye mkoba karatasi ya huko, ya kufa kwa mama yake, akataka itafsiriwe kwa Kiarabu kwa ajili ya mambo ya mirathi. Nikamwambia Mungu amrehemu. Akasema amin. Nikamuuliza, na nilikuwa sitaki kujua, walikutana?

"Tulikutana. Siku kumi na moja nilikaa naye." Akaiweka karatasi sawa na ukingo wa meza. "Alinijua. Alinishika mkono huu, hakuuachia, anafungua mdomo, anataka kusema, haliji neno. Siku zote kumi na moja. Kaka Seif, Mfunguo Mosi alikuwa bado anasema."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningepata la kujibu.

Nikamwambia karatasi hii aniachie, arudi baada ya siku mbili tatu, mpiga taipu wangu yuko Nizwa. Akavuta kiti akaketi, akauweka mkoba juu ya magoti na mikono miwili juu yake.

"Nitangoja hapa hapa," akasema.

Basi nikakaa kwenye taipu mimi mwenyewe, kwa vidole viwili, naye kaniketia mbele akinitazama, mpaka tafsiri ikaisha.